Barua ya shule nayo ni kazi ya kufundisha

Ukitaka kujua shule ya msingi inawachukuliaje wazazi, chukua matangazo yote iliyowatumia kwa muhula mmoja, yapange kwa tarehe, kisha yasome mfululizo. Nimefanya hivyo kwa shule zaidi ya moja na yaliyomo karibu yanafanana: ada, sare, tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, mkutano ambao kuhudhuria ni lazima, onyo kwa wanaochelewa, ombi la mchango. Kila tangazo lina sababu yake, na shule haiwezi kwenda bila hayo. Lakini ukimaliza rundo zima bado hujui mtoto wako alikuwa akifundishwa nini miezi yote hiyo. Hujui darasa lake lilifurahia nini, lilikwama wapi, wala mwalimu angependa umsaidie vipi nyumbani.

Msimamo wangu ni kwamba habari ambazo shule inazipeleka nyumbani ni sehemu ya ufundishaji, na zinapaswa kuandikwa na watu wanaofundisha. Shule nyingi zimeiachia ofisi kazi hiyo, na ofisi huandika kiofisi. Matokeo yake mzazi akiona ujumbe wa shule kwenye simu, wazo la kwanza linalomjia ni "wanataka nini tena?" Shule yenyewe ndiyo iliyomzoesha hivyo, kwa kumwandikia tu pale inapohitaji kitu au pale mtoto anapokosea.

Tuanze na jambo ambalo kila mwenye mtoto shuleni analijua. Mtoto anarudi, unamuuliza, "Leo mmesoma nini?" Anajibu, "Hatujasoma kitu," au anasema "hesabu" kisha anakimbia kucheza. Hakufichi. Swali lenyewe ni pana mno kwa mtoto wa miaka minane aliyechoka. Mzazi angekuwa na swali bora kama angejua darasa lilipofika, na wa kumpa habari hiyo ni mwalimu peke yake.

Mwalimu mmoja wa darasa la tatu alituandikia hivi, sentensi mbili tu: "Wiki hii tunajifunza sehemu. Mwombeni mtoto akunje karatasi, apake rangi robo tatu, kisha awaeleze kama robo tatu ni kubwa au ndogo kuliko nusu." Nyumbani karatasi ilikunjwa mara mbili, ikakunjuliwa, vyumba vitatu vikapakwa bluu. Sehemu hiyo ilikwenda vizuri. Palipofika kwenye nusu, mtoto alisita. Akasema nusu ni kubwa zaidi, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili, "kwa hiyo vipande vya nne ni vidogo." Alikuwa sahihi kuhusu kipande kimoja kimoja, lakini alisahau kwamba amepaka vitatu. Tulikunja karatasi ya pili katikati, tukaziweka moja juu ya nyingine, akaona mwenyewe. Yote hayo hayakuchukua hata dakika kumi. Na kesho yake mwalimu aliwakuta watoto wengi darasani wakiwa wameshabishana na mtu kuhusu robo tatu. Niambieni ni tangazo gani la sare limewahi kufanya hivyo.

Hili halitegemei bahati ya kumpata mwalimu mwenye moyo. Limepimwa. Huko San Francisco, watafiti Benjamin York na Susanna Loeb waliendesha mpango wa kuwatumia wazazi wa watoto wa miaka minne ujumbe mfupi wa simu mara tatu kwa wiki, kwa karibu mwaka mzima wa shule. Ujumbe mmoja ulieleza jambo kuhusu namna mtoto anavyojifunza kusoma, wa pili ulitoa kitendo kidogo cha kufanya naye, kama kutafuta herufi kwenye vitu vilivyomo ndani ya nyumba, na wa tatu ulitia moyo na kuongeza hatua moja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kuwa wazazi waliopata ujumbe huo walifanya zaidi shughuli za kusoma na watoto wao, na watoto nao walisonga mbele kidogo katika stadi za awali za kusoma kuliko wenzao. Hakuna mzazi aliyeitwa semina. Walipewa kitu kidogo, kwa wakati wake, kinachofanyika huku mambo mengine ya nyumbani yakiendelea.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa Matthew Kraft na Todd Rogers, uliwahusu wanafunzi wakubwa wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo wakati wa likizo ya kiangazi. Wazazi wao walipata sentensi moja kwa wiki kutoka kwa mwalimu. Sentensi moja! Wanafunzi walioshindwa kukamilisha somo walikuwa asilimia 15.8 pale ambapo wazazi hawakuandikiwa, na asilimia 9.3 pale walipoandikiwa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba ujumbe uliotaja kitu cha kurekebisha ndio ulioonekana kufanya kazi kuliko ule wa sifa tupu. Mzazi akiambiwa "anaendelea vizuri" anashukuru na kuweka simu mfukoni. Akiambiwa "anaelewa hesabu lakini haonyeshi njia aliyopitia," amepata pa kuanzia mazungumzo.

Sisemi watoto wa msingi ni sawa na wa sekondari. Nasema kwamba sentensi moja mahususi ina nguvu kubwa kuliko kurasa nne zenye nembo ya shule, na walimu wetu, walivyo na madarasa makubwa na madaftari ya kusahihisha, wanaweza kuimudu sentensi moja. Hata kama ni moja kwa darasa zima kwa wiki, ni mwanzo wa kutosha.

Suala la utoro linaonyesha vizuri jinsi habari sahihi inavyofanya kazi ambayo onyo haliwezi. Todd Rogers, safari hii akiwa na Avi Feller, alishughulika na familia zaidi ya 28,000 huko Philadelphia, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Waligundua kuwa wazazi wengi wanadhani mtoto wao amekosa siku chache kuliko alizokosa kweli. Basi wakawaandikia barua yenye idadi halisi ya siku hizo. Utoro wa kupindukia ulipungua kwa asilimia 10 au zaidi. Ukitafakari inaeleweka: leo ana mafua, wiki ijayo kuna msiba, baadaye mvua, na kila siku ina sababu yake ya haki, lakini nani nyumbani anayejumlisha? Shule ina daftari la mahudhurio. Badala ya kutangaza kwa wote kwamba "utoro hautavumiliwa", tangazo linalowaudhi wasiohusika na kupitwa na wahusika, ingewaandikia wachache hao namba yao tu, kwa heshima, bila kitisho.

Sasa nije kwenye shughuli, maana ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya barua za shule: siku ya michezo, siku ya wazazi, maonyesho ya kazi za wanafunzi, ziara ya kimasomo, mahafali, kikao cha mzazi na mwalimu wa darasa. Nazipenda zote. Mtoto anayemwona mtu wake kwenye umati hubadilika uso, na hakuna mwalimu asiyelijua hilo. Lakini namna tunavyoalikwa inaamua nani ataonekana kwenye umati huo.

Tangazo la kawaida husema: "Siku ya wazazi itafanyika Ijumaa kuanzia saa 2 asubuhi. Wazazi wote mnatakiwa kufika bila kukosa." Limetoka Jumatano jioni. Mtu mwenye kazi ya zamu, muuguzi, dereva, mlinzi, mwenye kibanda ambacho kikifungwa hakuna kipato siku hiyo, afanyeje? Anachagua kati ya kugombana na mwajiri na kumkosa mtoto. Na hata akipata ruhusa ya saa moja, haimsaidii, kwa sababu tangazo halikusema shughuli inaisha saa ngapi wala mtoto wake yumo katika sehemu gani. Atakaa kwenye benchi akisikiliza hotuba za wageni waalikwa, saa yake itaisha, ataondoka, na darasa la pili litaimba akiwa njiani kurudi kazini.

Linganisha na tangazo linalotoka wiki tatu kabla na kusema: darasa la pili wanaimba saa 4:30, darasa la tano wanaonyesha vielelezo vya sayansi kuanzia saa 5:15, tunamaliza saa 6:30, wadogo zao wanakaribishwa, wasioweza kufika watatumiwa maelezo jioni. Mtu wa zamu anaomba ruhusa ya saa moja iliyo sahihi. Bibi anajua muda ambao lazima awe ameshafika. Tofauti ya matangazo haya mawili haina gharama yoyote kwa shule. Ni kazi ya kukaa chini mapema na kufikiria anayepokea anaishi vipi.

Tena shule haina kisingizio cha kuchelewa kwa siku ambazo tarehe zake zinajulikana miaka kumi mbele. Siku ya Kimataifa ya Elimu ni 24 Januari. Ya Lugha Mama ni 21 Februari, ya Vitabu 23 Aprili, ya Kusoma na Kuandika 8 Septemba, ya Walimu 5 Oktoba, ya Kunawa Mikono 15 Oktoba, ya Watoto 20 Novemba. Kama shule inataka familia zije kusoma hadithi pamoja na watoto siku ya vitabu, tarehe hiyo inaweza kuwekwa kwenye kalenda ya mwaka kabla masomo hayajaanza. Zipo shule zinazotoa kalenda ya muhula mzima siku ya kwanza, ukurasa mmoja, ikabandikwa ukutani nyumbani. Kalenda hiyo peke yake huondoa nusu ya ugomvi wa mzazi na mwalimu.

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ifutwe kwenye matangazo yote: ile ya kusema kwamba mzazi asipofika, mtoto wake atarudishwa nyumbani. Naelewa uchovu wa mwalimu mkuu aliyeitisha mkutano wakaja watu wachache. Lakini anayeadhibiwa pale ni mtu ambaye hakukosea chochote na ambaye hana uwezo wa kumlazimisha mama au baba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unataka katika kifungu chake cha 2 mtoto alindwe dhidi ya ubaguzi au adhabu inayotokana na hali au matendo ya wazazi wake. Shule inayofundisha haki za mtoto darasani haiwezi kuzikanyaga kwenye karatasi inayomkabidhi mtoto huyohuyo aipeleke nyumbani.

Kwa mkataba huohuo, kifungu cha 18 kinasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja katika malezi. Bado namba iliyopo kwenye orodha ya mwalimu mara nyingi ni moja, na mara nyingi ni ya mama. Baba anapata habari akikumbukwa. Kwa watoto wengine anayewalea ni bibi, shangazi, kaka mkubwa, na barua inayoanza "Mzazi mpendwa" inawapita. "Wazazi na walezi" ni maneno mawili zaidi ya wino, na orodha yenye nafasi ya namba mbili ni kazi ya siku moja.

Na yule asiyesoma? Kila shule ina familia ambazo karatasi iliyokunjwa ndani ya mkoba haina maana kwao, ama kwa sababu hawakupata nafasi ya kusoma, ama kwa sababu tangazo limeandikwa kwa lugha isiyozungumzwa nyumbani. Hapa ujumbe wa sauti umeleta nafuu kubwa. Mwalimu akizungumza dakika moja kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, anafikia watu ambao barua haikuwahi kuwafikia, na sauti yake ya upole inasikika vilevile. Kwa wasio na simu ya namna hiyo, ubao wa matangazo wa getini bado una kazi, na mtoto mwenyewe anaweza kufundishwa kulisema tangazo kwa mdomo: nini, lini, saa ngapi, aje na nini. Walimu wa madarasa ya chini wanaolifanyia mazoezi dakika chache kabla ya kengele ya mwisho wanafundisha lugha palepale.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Picha za watoto zisitumwe kila mahali kwa sababu tu siku ilikuwa nzuri. Kifungu cha 16 cha mkataba kinalinda faragha ya mtoto, na kuna familia zenye sababu nzito za kutotaka ijulikane mtoto wao yuko wapi. Mzazi aulizwe mwanzoni mwa mwaka, jibu lake liheshimiwe, na jina kamili lisiwekwe chini ya picha. Picha ya mikono inayopanda mche inatosha kueleza siku ya kupanda miti.

Naacha hilo, kwa sababu kuna sehemu ya habari za shule ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ile inayoandikwa na watoto wenyewe.

Mwaka 1920 mwalimu Mfaransa Célestin Freinet alianza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa amejeruhiwa mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza, na kuhutubia darasa kwa muda mrefu kulimchosha. Akaanza kuwatoa watoto nje kutembea, kuangalia mafundi na mashamba, kisha warudi waandike walichokiona. Mwaka 1924 alileta darasani mtambo mdogo wa kuchapa, na watoto wakawa wanapanga herufi moja moja kwa mikono yao, wanachapa maandishi yao na kubadilishana na shule ya mbali huko Brittany. Ghafla tahajia ikawa na sababu, kwa kuwa kulikuwa na mtu upande wa pili anayesubiri kusoma. Miaka miwili baadaye, huko Warsaw, daktari na mlezi Janusz Korczak alianzisha gazeti la kila wiki lililoandikwa na watoto, likaendelea hadi vita ilipoanza mwaka 1939. Watu hawa wawili waliamini kwamba mtoto ana habari za kutoa, na kwamba kuzitoa kunamkuza.

Kifungu cha 12 cha mkataba kimekuja miongo mingi baada yao na kusema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Barua ya shule ni mahali rahisi kabisa pa kuanzia. Nimewahi kusoma aya ya mtoto wa darasa la pili iliyowekwa chini kabisa ya tangazo la mkutano: "Mche wetu wa dirishani una majani manne. Juzi ulikuwa na mawili. Mmoja wetu aliumwagia maji mengi, tukafikiri utakufa, haukufa." Tangazo lenyewe nimelisahau. Aya hiyo sijaisahau, na nilipokwenda mkutanoni niliwakuta wazazi wengine wakiuliza mche uko dirisha lipi. Mwalimu alilazimika kufungua darasa ili watu waingie kuuona, na wakiwa humo wakaona madaftari, wakauliza maswali, wakakaa.

Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye amefanya kazi hii kwa miongo kadhaa, anagawa ushirikiano wa shule na familia katika aina sita: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na ushirikiano na jamii. Ukitazama barua za kawaida utaona zinahangaika na mbili, kutoa taarifa na kuita watu kazini. Kujifunza nyumbani kunaachwa, na maamuzi ndiyo yanaachwa zaidi. Wazazi huulizwa maoni baada ya jambo kukatwa. Ziara ya kimasomo imeshapangiwa mahali na siku, ndipo barua inakuja "kuomba ushirikiano". Huko Uingereza, Alma Harris na Janet Goodall walionyesha mwaka 2007 kwamba kinachosogeza mbele masomo ya mtoto ni zaidi kile kinachofanyika nyumbani kuhusu kujifunza kuliko mzazi kuonekana kwenye shughuli za shule. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wazazi wa zamu niliowasema, ambao hukosa mikutano na kuhesabiwa kuwa hawajali. Wengi wao usiku wanakagua madaftari. Wangepewa sentensi moja ya wiki wangejua wakague nini.

Walimu watasema muda hautoshi, na ni kweli kwamba hautoshi. Ndiyo maana sitaki waongezewe jarida la rangi. Nataka lile tangazo ambalo tayari linatoka kila wiki ligawanywe upya: nusu ya juu iwe ya darasa, nusu ya chini iwe ya ofisi. Nusu ya juu ina mambo matatu. Tunachojifunza wiki hii, swali moja la kumuuliza mtoto, na sentensi chache zilizoandikwa na mtoto ambaye ni zamu yake. Ada na sare zikae chini, wazi, kwa heshima, bila herufi kubwa nyekundu. Mwishoni iwepo mistari miwili mitupu ya mzazi kujibu, na mwalimu mkuu ajipangie siku ya kusoma majibu hayo na kusema wiki inayofuata amesoma nini ndani yake.

Kwa upande wetu wazazi, kikao kijacho kikifika "mengineyo", aliyepo anyooshe mkono aombe hilo. Aende na mfano ulioandikwa, kwa sababu mwalimu mkuu aliyelemewa hukubali haraka zaidi kitu anachoweza kukishika mkononi. Na aombe lianze na darasa moja kwanza, la mwalimu aliye tayari, kwa muhula mmoja.